Njia Aliyopita Zwangendaba

Mjimwema, Jumamosi 24 Agosti 2024

Baridi ya Songea haijaondoka. Mtaani watu wanahangaika na magunia ya mahindi ya kupeleka kwenye vituo vya ununuzi vya wakala wa hifadhi ya chakula, NFRA, nami nimetandaza uani mahema, mifuko ya kulalia na darubini, nakagua zipu moja baada ya nyingine. Mama alikuja na kigoda chake akakaa juani. Aliuliza tena nitapita wapi, nikamtajia: wageni tunawapokea Mbeya, tunavuka Kasumulu kuingia Malawi, tunaingia Zambia kwa Chipata mpaka bonde la Luangwa, tunateremka Livingstone kwenye maporomoko, tunamalizia Chobe, Botswana. Mimi ni kiongozi msaidizi. Kiongozi mkuu ni Mzambia, atatupokea Chipata.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huko si ndiko walikotoka babu zako?"

Ndiko hasa. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, aliwatoa watu wake kusini wakati wa vita vya enzi za Shaka, wakavuka Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, wakapanda kaskazini mpaka Ufipa, na huko akafa. Baada ya kifo chake watu waligawanyika. Waliowafuata wanawe, Mpezeni na M'mbelwa, walirudi kusini. Kiongozi mwingine, Zulu Gama, alikuja na watu wake huku kwetu, akawakuta Wangoni wa Maseko, walioongozwa na Mputa, wameshatangulia. Wakapigana, Wamaseko wakavuka Ruvuma na kwenda kutulia Ntcheu, Malawi. Kwa hiyo njia hii ya wageni, iliyopangwa ofisini na watu wanaotafuta tembo, simba na maporomoko, inafuata nyayo za Wangoni kinyumenyume. Katika karatasi zote nilizopewa hakuna mstari unaolitaja hilo. Nitalisema mwenyewe.

Jingine ninalolifuata ni kazi ya kuongoza kwa miguu. Nimefanya kazi Mikumi na Ruaha misimu mingi, karibu yote nikiwa garini. Mgeni wa garini unamwonyesha mnyama, anapiga picha, mnaondoka. Nataka kuona wenzetu wa Luangwa wanavyofanya.

Karonga, Jumatano 28 Agosti

Kasumulu tumepita bila matata. Upande wa afya walitupima joto wote kwa sababu ya mpox, ambayo WHO iliitangaza kuwa dharura katikati ya mwezi huu. Wageni ni mume na mke wa Kiholanzi, dada wawili wa Nairobi ambao ni mtu na mdogo wake, na mwalimu mstaafu wa Kijerumani, mama mtu mzima anayeandika kila kitu kwenye daftari lake kama mimi. Jioni tulikula chambo na nsima mbele ya ziwa. Wadada wa Nairobi waliniuliza ziwa hili jina lake hasa ni lipi. Nikawajibu kwetu Mbamba Bay ni Nyasa, hapa ni Malawi, samaki ni haohao.

Mzuzu, Ijumaa 30 Agosti

Kesho tunapita Mzimba, nchi ya M'mbelwa, halafu Kasungu. Leo sokoni nilinunua viazi kwa mzee mmoja. Alinisikia nikizungumza Kiswahili akauliza ninatoka wapi. Nilipomwambia Songea, kwamba mimi ni Mngoni wa kule, aliweka chini kopo lake la kupimia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kumwita mkewe. Yeye ni Mngoni wa M'mbelwa. Hatuna lugha moja ya kuongea zaidi ya Kiingereza cha kuokoteza, lakini alianza kunitajia majina ya koo, nami nikawa naitikia lile ninalolijua: Jere, Tembo, Nkosi. Mama wa Kijerumani alisimama pembeni muda wote bila kuinua kamera. Nilimpenda kwa hilo.

Jumamosi 31 Agosti, njiani

Tumesimama kunywa chai mjini Kasungu. Hifadhi ya hapa ililetewa tembo 263 kutoka Liwonde mwaka 2022. Katika uhifadhi ilisifiwa kama kazi kubwa, na kweli kuhamisha tembo 263 kwa malori si jambo dogo. Lakini hifadhi imepakana na Zambia, na tembo aliyezoea mto wa Liwonde hakuambiwa mpaka uko wapi. Tangu waletwe, vijiji vya pande zote mbili vimezika watu na kupoteza mazao. Muuza chai alisema neno moja tu: usiku hakuna anayetoka nje kujisaidia. Wageni waliuliza ninaongea naye nini nikawatafsiria. Mholanzi alisema hakulipia safari asikie hayo. Nilimjibu kwa adabu kwamba tembo atakaowaona Luangwa na Chobe nao wana majirani, na kwamba kwetu Namtumbo na Tunduru hali ni hiyohiyo. Mkewe alitaka kujua zaidi, tukaongea mpaka chupa ikaisha.

Bonde la Luangwa, Jumatatu 2 Septemba

Tumefika. Joto, vumbi, mto umekauka kuliko kawaida. Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa Februari mwaka huu, na hapa unauona kwa macho: viboko wamejazana kwenye madimbwi mpaka migongo inagusana, na mamba wamelala kwenye mchanga mahali ambapo kiongozi anasema miaka mingine huwezi kupita ila kwa mtumbwi.

Kiongozi wetu ni mtu wa bonde hili, amezaliwa kijiji kilicho nje kidogo ya hifadhi. Haongei sana. Ananiita dada tangu tulipokutana Chipata, na nilipomwambia Songea alicheka: Chipata ni nchi ya Mpezeni, kwa hiyo kwa hesabu yake mimi ni ndugu wa nusu ya mji.

Luangwa, Jumanne 3 Septemba

Leo tumetembea. Nataka kuandika yote kabla sijasahau.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mbele askari wa hifadhi mwenye bunduki, nyuma yake kiongozi, kisha wageni mmoja mmoja, mwisho kijana aliyebeba chai. Mimi niliwekwa katikati. Kabla ya kuondoka kiongozi alisema masharti manne kwa sauti ya chini: mstari mmoja, hakuna kuongea tunapotembea, ukiona kitu piga vidole, na hata iweje usikimbie. Basi. Hakutisha mtu wala hakusimulia habari za simba aliyekula mtu.

Kwa muda mrefu hatukuona mnyama mkubwa. Ndipo nikaelewa kazi yake. Alichuchumaa penye mavi ya tembo, akayapasua kwa kijiti, akatoa mbegu ngumu, akauliza ni ya mti gani. Hakuna aliyejua. Akatuonyesha mng'ongo ulio mbali, na njia iliyokanyagwa na tembo kutoka pale mpaka mtoni, akaeleza kuwa mbegu iliyopita tumboni mwa tembo huota kwa urahisi zaidi, hivyo miti hii imepandwa na tembo wa zamani kwa ajili ya tembo wa leo. Mbele kidogo akatusimamisha chini ya mwegea. Huu ni mwezi wa maua yake. Mekundu meusi, makubwa kama kikombe cha chai, yameanguka chini usiku. Pongo jike alikuwa pale anayaokota moja moja, anatafuna, anasikiliza, anatafuna. Tulisimama hatua thelathini hivi. Hakutuona, upepo ulikuwa wetu. Mdogo wake yule dada wa Nairobi alikuwa na machozi, ingawa amekulia karibu na mbuga ya Nairobi yenye simba ndani yake.

Halafu tukafika ukingoni. Ukuta wa udongo wa mto umetobolewa mamia ya matundu, na keremkerem wekundu wanaingia na kutoka, wamerudi wiki hizi kuzaliana. Kiongozi akakaa chini akamimina chai, ndipo akaanza kuongea. Alisema kuwa mwaka 1950 Norman Carr, bwana wanyamapori Mwingereza, alikwenda kwa Chifu Nsefu na wazo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu: wageni waje kutazama wanyama bila kuwapiga risasi, walale kwenye kambi ya chifu, na pesa ibaki kwa watu wa chifu. Safari za kutembea zilifuata baadaye. Kisha akanyoosha mkono ng'ambo ya mto akaonyesha mibuyu mitatu. Pale palikuwa kijiji cha bibi yake. Akataja walikochota maji na walikozika.

Nimewaongoza wageni miaka mingi na sijawahi kumsikia kiongozi akiweka kaburi la bibi yake na maua ya mwegea kwenye maelezo ya asubuhi moja. Wageni hawakuchoka. Walimuuliza maswali mpaka kijana wa chai akaanza kukusanya vikombe. Pori alilotuonyesha halikuwa tupu tangu kuumbwa. Watu walikaa humo, wakatoka kwa sababu zinazojulikana, na tembo wanapita palipokuwa uwanja wa nyumba. Nilipotazama tena ile mibuyu mitatu sikuiona kama mandhari.

Luangwa, Alhamisi 5 Septemba

Jana usiku, karibu na moto, mama wa Kijerumani aliniuliza kama ni kweli ninatoka mji wa Songea Mbano. Analifahamu jina hilo kutokana na ziara ya Rais wao Steinmeier, aliyefika Makumbusho ya Maji Maji tarehe 1 Novemba mwaka jana na kuomba msamaha. Nilimsimulia. Songea, nduna wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, baada ya wenzake wengi, na kichwa chake kinasemekana kupelekwa Ujerumani. Mpaka leo hakijapatikana, na ukoo unakisubiri. Hakusema kitu cha haraka. Aliuliza ukoo wenyewe unataka nini kifanyike kichwa kikipatikana, na hilo lilikuwa swali sahihi.

Kisha tukafika kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu Jumanne. Walipokuwa wakivizima vita hivyo, Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua wengi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Mahali palipokuwa na mashamba pakaota pori, mbung'o wakafuata pori, na tembo nao wakafuata. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa Liwale na vijiji vingine, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale. Nchi iliyobaki wazi ikaingizwa kwenye pori la akiba lililopewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Sasa sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu 2019, kilomita za mraba 30,893. Mgeni anayeruka juu ya Nyerere kwa ndege ndogo huambiwa anaona Afrika isiyoguswa. Anaona Afrika iliyochomwa.

Alisema, "Kwa hilo ungeweza kuongoza safari nzima."

Sikulala mapema.

Livingstone, Jumatatu 9 Septemba

Safari ndefu kupitia Lusaka. Umeme hapa unakatika sehemu kubwa ya siku kwa sababu Kariba imekauka, na kila duka lina jenereta yake mlangoni. Maporomoko upande wa Zambia ni mwamba mtupu na nyuzi chache za maji. Kuyaona maji yenyewe inabidi uvuke kwenda Zimbabwe. Wageni wenye viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, ile ya KAZA ya dola 50, walivuka wakarudi wamelowa na furaha. Mimi nilibaki kushughulikia tairi.

Kasane, Jumatano 11 Septemba

Leo nimevuka Zambezi. Daraja la Kazungula lilifunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923, limepinda katikati ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Kabla yake malori yalisubiri pantoni kwa siku nyingi. Zwangendaba alivukia chini zaidi, karibu na Zumbo, kwa hiyo siwezi kusema nimepita palepale. Hata hivyo niliomba dereva aegeshe baada ya forodha, nikawaeleza wageni wote mto huu kwetu unasimuliwaje: giza mchana, wanawake na watoto na ng'ombe wakiingia majini, na watoto waliozaliwa upande wa pili ambao wajukuu wao ndio waliojenga Songea. Mholanzi aliniuliza ni wangapi walivuka. Nikamwambia waliofika kwetu walikuwa wamechanganyika na watu wa kila nchi waliyopitia, Wasenga, Wakalanga, Watumbuka, na ndio maana Wangoni tuko wengi kuliko waliovuka. Aliliandika.

Chobe, Ijumaa 13 Septemba

Tembo. Sijui nianze wapi. Jana jioni, kutoka kwenye boti, tuliona kundi likiteremka ukingoni, nyuma yake kundi, nyuma yake kundi, mpaka vumbi likafunika jua. Madume wanne waliogelea kwenda Kisiwa cha Sedudu, mikonga juu, mmoja akimwegemea mwenzake. Kisiwa hicho Botswana na Namibia walikigombania mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikakipa Botswana mwaka 1999. Tembo wanakula nyasi zake kila jioni.

Eneo lote la hifadhi la KAZA, la nchi tano zilizosaini mkataba Luanda mwaka 2011, lilihesabiwa kwa ndege mwaka 2022: tembo takriban 227,900, zaidi ya nusu yao wakiwa Botswana. Ng'ambo ya mto Namibia imetangaza juzi kuwa itaua wanyama 723, wakiwemo tembo 83, ili nyama igawiwe kwa watu wenye njaa ya ukame. Aprili Rais wa Botswana, Masisi, aliwaambia Wajerumani atawapelekea tembo 20,000 wakae nao. Wageni walibishana kuhusu hayo usiku kucha. Mimi nilikuwa nawaza Tanzania: takriban 109,000 mwaka 2009, takriban 43,000 mwaka 2014. Selous peke yake ilibaki na 13,000 na kitu mwaka 2013, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sisi tuliokuwa kazini miaka ile tuliona mizoga. Anayeyatazama makundi ya Chobe bila kujua idadi ya kwetu anaona uzuri tu. Mimi niliona kile tulichoibiwa.

Lakini kuna jambo la Chobe ambalo silitamani. Boti zilikuwa nyingi kupita kiasi, zimewazunguka tembo wenye watoto, na viongozi walikuwa wanapigiana simu nani amemwona simba. Kiongozi wa boti yetu alitaja idadi, uzito na umri, hakutaja mtu hata mmoja. Na nyuma ya hifadhi ziko nyaya za kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Uzio wa Kuke ulijengwa miaka ya 1950 ili Ulaya inunue nyama ya Botswana, na ukame wa miaka ya 1980 ulipokuja, nyumbu kwa maelfu walikufa mbele ya nyaya hizo wakitafuta maji.

Kwetu hakuna nyaya. Kati ya Nyerere na Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, ambayo nayo ni kilomita za mraba 42,000, kuna ushoroba unaopita Namtumbo na Tunduru mpaka Mto Ruvuma. Tembo wanautumia, mbwa mwitu wanautumia, palahala wenye pembe za kurudi nyuma wako humo, na nyumbu wa Niassa mwenye mstari mweupe usoni, ambaye Chobe hawana. Mto wenyewe unaanzia Matogoro; kutoka Mjimwema tunauona mlima kila asubuhi. Tembo hupanda na kushuka kati ya nchi mbili bila pasipoti. Kinachoufunga ushoroba ni mashamba mapya ya mpunga, ng'ombe walioingia kwa wingi, na watu wasiopata chochote kutokana na mnyama anayewalia mahindi.

Mjimwema, Jumapili 22 Septemba

Nimerudi jana kwa basi. Mji umejaa wageni wa Tamasha la Utamaduni. Kesho Rais analifunga katika Uwanja wa Majimaji. Ngoma ya lizombe inasikika mpaka huku kwetu. Mama aliniacha nilale, kisha akataka habari za wale Wangoni wa sokoni Mzuzu, jina kwa jina, na akasahihisha mawili.

Likuyu, Jumamosi 28 Septemba

Nimekuja Namtumbo kwa Baba Mdogo, ambaye alikuwa askari wanyamapori wa kijiji tangu enzi Mbarang'andu inaundwa kuwa jumuiya ya hifadhi. Ziko tano kwenye ushoroba: Mbarang'andu na Kimbanda na Kisungule huku Namtumbo, Nalika na Chingoli Tunduru. Hapa Likuyu Sekamaganga kipo chuo kinachofundisha askari wa vijiji kutoka nchi nzima. Kwa hiyo watu wenye macho ya porini wapo. Baba Mdogo anasoma nyayo vizuri kama yule kiongozi wa Luangwa, na anajua pia nani alilima wapi kabla ya vijiji vya ujamaa.

Asubuhi alinipeleka kwa mzee mmoja mrina asali. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mjukuu wangu, umekuja kula asali au kuniuliza maswali?" Nikasema vyote. Tulitoka na shoka, kamba na kijinga cha moto, Baba Mdogo akiwa na bunduki ya jumuiya. Babu alipiga mluzi, akagonga shoka kwenye shina, akapiga tena. Haikupita muda mrefu ndege mdogo wa kijivu, mdomo wa waridi, akatua juu yetu akawa analalama bila kukoma. Akaruka mti wa pili, akangoja. Tukamfuata. Akaruka tena. Kila tulipokawia alirudi kutufokea. Kwenye mti wa tano au wa sita alinyamaza, na Babu akatazama juu bila kusema kitu: tundu, na nyuki.

Moshi, shoka, kelele za nyuki, asali mpaka viwikoni. Vipande vya nta Babu aliviweka kwenye jani kavu akaliacha wazi. Ndege akateremka. Nta ndiyo chakula chake, na peke yake hawezi kupasua mti.

Ng'ambo ya Ruvuma, Niassa, Wayao wana mlio wao maalumu wa kumwita ndege huyu, wa kutikisa ulimi na kumalizia kwa kuguna. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo ya kuupima: ukimwita kwa mlio huo, uwezekano wa kufika kwenye asali unapanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Nilimwambia Babu. Alisema Wayao wa Tunduru wote wanaujua, na akauiga papo hapo. Akauliza huyo mama alilipa wapi ada ya kutembea na wazee.

Nikamuuliza kama angekubali kutembea na wageni. Alifikiri huku akifunga asali. Akataka kujua mambo matatu: wageni watakuja lini, kwa sababu masika nyuki hawana asali ya kutosha, nani atakuwa mbele na bunduki, maana miaka ya 1980 alizika ndugu zake kwa sababu ya simba wa Tunduru, na pesa italipwa kwa nani, kwa jumuiya, kwa halmashauri au mkononi mwake. La tatu alilirudia.

Mjimwema, Jumamosi 5 Oktoba

Nimeandika rasimu wiki nzima. Kutembea siku nne kutoka Likuyu kuelekea kusini, watu sita wasizidi, askari wa kijiji mbele, Baba Mdogo akiongoza, vijana wawili wa chuo wakijifunza. Kabla ya kuanza kutembea, siku moja Songea: makumbusho, kaburi la mashujaa, kisha Matogoro kwenye chanzo cha mto. Siku ya nyuki na Babu. Siku ya vijiji vilivyohama, Baba Mdogo akionyesha mawe ya kusagia yaliyobaki na kusema ya nani. Jioni moja na wakulima ambao mahindi yao yameliwa mwaka huu, waeleze wenyewe jinsi malipo ya kifuta jasho yanavyochelewa na wanavyofunga kamba za pilipili na mizinga pembeni ya shamba. Mgeni alipe ada ya jumuiya mbele ya watu na stakabadhi ibandikwe ubaoni kijijini. Malipo ya Babu yawe ya Babu, mkononi, kabla ya kuondoka.

Mama wa Kijerumani ameandika kwamba atakuja Juni na rafiki zake watatu, na anataka tuvuke mpaka Niassa mwaka unaofuata ikiwa Wamsumbiji watakubali. Daraja la Mkenda lipo. Ruhusa za bunduki pande mbili ndilo jambo gumu, na hilo nimeambiwa nianzie kwa Ofisa Wanyamapori wa wilaya.

Baba Mdogo amepiga simu usiku. Tembo wanane wameingia mashamba ya bondeni karibu na Likuyu, wamekaa mpaka alfajiri, hakuna aliyeumia. Mwenye shamba moja ni mama mjane wa jirani yake. Jumatatu napanda basi la kwanza. Nitaanzia kwake, nimwandikie madai, ndipo nipeleke rasimu kwenye mkutano wa jumuiya Jumanne saa nne.